PPRD na UDPS: nani njo fundi wa siasa kupita mwenzake?



Kuna ulizo moja lenye halikosi mahali watu wa kazi wanakutana hapa Kamina, ikuwe ku gare, ikuwe ku soko, ikuwe mu mkutano wa sendika: kati ya PPRD ya Joseph Kabila na UDPS ya Félix Tshisekedi, nani anajua siasa kupita mwenzake? Wengine wanasema: «Raïs ananyamaza, lakini anawaza mbali.» Wengine wanawajibu: «Kama anawaza mbali, juu ya nini kiti kilimuponyoka?» Na wote wanacheka, kisha kila mutu anarudia kwake na njaa yake.

Sisi hatuna chama cha kuuzia watu. Sendika iko na wanamemba wa kila chama, na siku mshahara unachelewa hakuna mutu anauliza mwenzake karte ya chama gani. Lakini tunaona ni vizuri kupima haya maneno kwa utulivu, tarehe kwa tarehe, juu ufundi wa wakubwa, mwisho wake, ni mtu wa chini anaulipa.

Fundi wa saa

Tuanze na PPRD. Chama hicho kilizaliwa mwaka 2002, wakati Kabila alikuwa tayari kwenye kiti tangu Januari 2001. Hakikukua mu upinzani, kilikua mu serikali. Njo maana silaha zake zilikuwa mbili: sheria na saa.

Januari 2011 walibadilisha katiba, uchaguzi wa prezida ukatoka duru mbili ukakuwa duru moja. Mwenye kupita wengine, hata kama hakufika nusu ya kura, anachukua. Kwa uchaguzi wa Novemba ya mwaka ule ule, Kabila akatangazwa na kura 48,95 kwa mia, mzee Étienne Tshisekedi 32,33. Upinzani ulikuwa umegawanyika, na kwa duru moja hakukuwa nafasi tena ya kukusanyika.

Mwaka 2015 wakaleta kugawa majimbo. Kusema kweli, katiba ya 2006 ilikuwa imeandika majimbo 26, na ilitoa miaka mitatu tu ya kuyatengeneza. Wakubwa walilala juu ya hiyo kazi karibu miaka tisa. Kisha katikati ya 2015, wakati Moïse Katumbi, gavana wa Katanga, alikuwa anaanza kuonekana kama mutu mwenye anaweza kutaka kiti, kazi ikafanyika haraka haraka. Katanga ikapasuka vipande vine: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami yetu. Mwezi wa Septemba Katumbi akatoka PPRD, lakini jimbo lenye alikuwa analiongoza halikukuwa tena. Tutarudia hapo, juu hapo njo penye kidonda chetu.

Mwaka 2016 mandati ya mwisho ikaisha, uchaguzi haukufanyika. Maaskofu wakasimamia mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016, yenye kusema waziri mkuu atatoka ku upinzani. Mzee Étienne akafa Brussels tarehe 1 Februari 2017, na miezi miwili nyuma Kabila akamuweka Bruno Tshibala, mutu wa UDPS mwenye chama kilikuwa kimemufukuza. Mbele yake alikuwa amemuweka Samy Badibanga, naye mutoto wa nyumba ile ile. Kwa karatasi, mapatano yaliheshimiwa. Kwa kweli, upinzani ulipasuka na prezida akapata miaka miwili ya juu. Huo ni ufundi, mutu apende ao asipende.

Mchimba kisima

Lakini wazee wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi watu wa mashimo tunajua maana yake.

Tarehe 11 Novemba 2018, kule Genève, viongozi saba wa upinzani walimuchagua Martin Fayulu kuwa kandida mmoja tu wa wote. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakatoa saini zao, juu watu wao wa chini walikataa. Tarehe 23 Novemba wakafunga mapatano yao wawili Nairobi. Siku zile wengi waliwaita wasaliti na watoto wa siasa.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba. CENI ikatangaza: Tshisekedi 38,57 kwa mia, Fayulu karibu 35, na Emmanuel Ramazani Shadary, mutu wa Kabila, wa tatu na karibu 24. Fayulu alikataa, maaskofu wakasema hesabu hiyo haipatane na ile watu wao waliona, na Mahakama ya Katiba ikathibitisha. Mabishano ya siku ile hayajaisha mu mioyo ya watu. Lakini tuangalie jambo moja tu: kwa sheria ya zamani ya duru mbili, hakuna mutu angekuwa prezida siku ile na 38 kwa mia. Sheria yenye PPRD ilijitengenezea mwaka 2011, njo ilibeba UDPS mpaka ku kiti. PPRD ilichonga ufunguo, ikasahau kwamba ufunguo haujui mwenye nyumba.

Kiti bila meza

Tarehe 24 Januari 2019 Tshisekedi akaapa. Lakini alipata kiti bila meza. FCC, muungano wa Kabila, ulikuwa na wadepite zaidi ya 330 juu ya 500. Seneti yao, magavana karibu wote wao. Muungano wa Tshisekedi na Kamerhe ulikuwa na viti karibu 50 tu. Serikali ya kwanza ilichukua miezi saba mpaka kutangazwa, tarehe 26 Agosti 2019. Waziri mkuu alikuwa Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mutu mwenye reli inamujua, juu alikuwa anaongoza SNCC. Watu wa Kabila walikuwa wanatembea kama wenye nyumba, na wale wa UDPS kama wageni.

Angalieni vile mgeni alifanya. Hakupiga kelele mwanzo. Julai 2020 akaweka saini kwa kutaja waamuzi wapya wa Mahakama ya Katiba. FCC ikakasirika, wakubwa wa vyumba viwili vya bunge wakakataa kuja kwenye kiapo tarehe 21 Oktoba. Hapo walikosea: wao walikataa kuingia, na kiapo kikafanyika bila wao. Tarehe 6 Desemba Tshisekedi akatangaza muungano umekufa. Siku nne nyuma, wadepite 281 wakamuangusha Jeanine Mabunda ku uongozi wa bunge. Tarehe 27 Januari 2021, wadepite 367 wakaangusha serikali ya Ilunkamba.

Hesabu hiyo ifikirieni vizuri. Kutoka viti 50 mpaka kura 367, na hakuna raia hata mmoja alirudia ku uchaguzi! Ni sawa vile timu pinzani inaingia uwanjani, na kufikia mapumziko wachezaji wa Mazembe wote wamevaa jezi yake. Wadepite walikuwa wale wale. UDPS ilielewa jambo lenye Kabila alikuwa amelisahau: hawa watu hawakumupenda yeye, walipenda kalamu yenye kutia saini. Kalamu ilipohamia mkono mwengine, nao wakahama.

Na tena, waziri mkuu mupya akakuwa Sama Lukonde, mwenye alikuwa anaongoza Gécamines. Walitoa mukatanga, wakaweka mukatanga. Walitoa mutu wa reli, wakaweka mutu wa migodi. Hakuna mutu wa huku alipata nafasi ya kusema «wametunyanganya». Hiyo haikukuwa bahati, ilikuwa hesabu.

Kosa la kiti kitupu

Tusidanganyane lakini, UDPS nayo ilikosea sana zamani. Mwaka 2006 mzee Étienne alikataa uchaguzi. Matokeo yake, chama kilichozaliwa 1982 mu mateso ya Mobutu kilibaki inje ya bunge miaka mitano, wakati sheria za inchi zilikuwa zinaandikwa. Kupiga kelele inje ya mlango haikuzuia mutu kuandika ndani.

Mwaka 2023 FCC ikafanya kosa lile lile. Ilisema haiamini CENI, ikakaa pembeni. Desemba 2023 Tshisekedi akapata kura 73 kwa mia, Katumbi na Ensemble yake 18. UDPS ilipata viti 69 peke yake, lakini na vyama vya Union sacrée bunge lote likakuwa lao. Na mwaka 2025, wakati serikali ilisimamisha kazi za PPRD, wakati Seneti ilimutolea Kabila kinga yake mwezi wa tano, na mahakama ya kijeshi ikamukatia hukumu ya kifo tarehe 30 Septemba yeye akiwa hayuko, hakukuwa kundi la wadepite wake la kusimama na kusema hata neno moja. Hatuingie hapa mu kesi yenyewe, ni maneno mazito, na damu inamwangika kule Kivu. Tunasema tu: mwenye kuacha kiti kitupu asishangae kukuta mwengine amekikalia.

Basi, nani fundi? Kwa maoni yetu, PPRD ilikuwa fundi wa kulinda: ukiipa serikali mkononi, inajua kukokota saa na kugawa adui. UDPS imekuwa fundi wa kuvumilia na kunyakua: inaingia mlango mdogo, inangoja, kisha inachukua nyumba. Leo, kwa mchezo huu wa viti, UDPS imeshinda. Lakini watu walewale wenye walihama 2020 njo wanaojaza Union sacrée. Mwenye alifuata sahani atafuata sahani nyingine. Na tangu Oktoba 2024, wakati prezida alisema kule Kisangani juu ya kutengeneza katiba mupya, tunajiuliza kama hawa nao hawajaanza kuchimba kisima.

Na sisi tulipata nini?

Sasa turudie ku kidonda. Sheria ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018 ilitiwa saini na Kabila, na Tshisekedi ameikamata mpaka leo. Ni sheria yenye kuwa na mambo mazuri. Kwa madini ya lazima sana kama kobalti, kampuni inalipa 10 kwa mia. Ya makuta hayo, 50 kwa mia inaenda serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta, shefferi ao komine, na 10 inawekewa vizazi vya kesho. Tena kampuni inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya karibu.

Lakini jimbo gani? Ni lile lenye mgodi. Mbele ya 2015, Kolwezi, Likasi na Kamina zilikuwa jimbo moja. Mutoto wa Kamina akipanda treni kwenda kuchimba Kolwezi, kodi ya jasho lake ilikuwa inaingia mu mfuko wenye hata Kamina ilikuwa na haki ya kuuliza. Leo inabaki Lualaba. Sisi tuko na makaa ya Luena, tuko na kasiterite ya Malemba-Nkulu, lakini si sawa na shaba na kobalti. Bulongo bubaya hatuna, baba zetu walijenga migodi ile kwa mikono yao, lakini mpaka ulipita katikati. Ule ufundi wa 2015 wa kumukata Katumbi miguu, ni sisi tulibaki kilema.

Na dawa iko ndani ya katiba ile ile. Andiko la 175 linasema 40 kwa mia ya mapato ya inchi ni ya majimbo. Andiko la 181 linaweka sanduku la kusawazisha majimbo, na 10 kwa mia ya mapato yote ya taifa, juu ya kusaidia yale yenye kubaki nyuma. Kwa jimbo kama letu, hilo sanduku linapita hotuba zote za kampeni. Wakati wakubwa wanataka kugusa katiba, sisi tunapashwa kuuliza kwanza: haya maandiko mawili yatabaki? Na yatafanya kazi siku gani? PPRD iliyaacha yalale. UDPS ina bunge lote mkononi, haiwezi kusema imekosa nguvu.

Sisi wa sendika tunachukua hapo masomo matatu. La kwanza: tusiache kiti kitupu. Siku ya kuchagua wadelege ku kazi, usibaki nyumbani kusema «ni walewale». Siku kampuni inaita kijiji juu ya karatasi ya ahadi zake, wamama muingie, vijana muingie, na muombe kopi. La pili: tusitie saini jambo la kutufaa leo bila kuwaza nani atalitumia kesho. Kukubali leo mwenzako wa kontra ya siku tatu aonewe, ni kuchonga ufunguo wa mlango wako. La tatu: mwenye kuhamia kwetu juu ya kitu, atahama na kitu. Tukusanye watu juu ya haki, hata kama ni wachache.

Mwaka 2028 wataleta tena ngoma, kofia na mifuko ya chumvi. Mutu akikuuliza chama gani kina akili kupita kingine, umujibu kwa ulizo: sanduku la andiko 181 kwa Haut-Lomami, mtalifungua tarehe gani? Mwenye atajibu na tarehe, huyo tutamusikiliza.