Chanda Chema Huvikwa Pete. Na cha Dada Je?

Kila ukifika msimu wa tuzo za soka hapa Ubelgiji, sisi Waafrika Mashariki wa huku Jette tunakumbushana jambo moja: Mbwana Samatta na Kiatu chake cha Mpingo cha mwaka 2019. Tuzo ile ni ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji, na hata Mkenya na Mganda watakwambia "huyo ni wetu". Sawa, tuna haki ya kuringa. Ila ukiuliza ni nani mchezaji bora wa ligi ya wanawake kule nyumbani, meza nzima kimya.

Wapo wanaosema: tuzo ya nini wakati mabinti hawalipwi vizuri? Wapewe mshahara kwanza! Hoja ina uzito, lakini mimi naona vitu hivi vinakwenda pamoja. Sisi wanafunzi tunajua nguvu ya karatasi. Bila vyeti hakuna chuo cha huku kingetupokea, hata uwe na akili vipi. Kwa mchezaji, tuzo ya ligi ndiyo cheti chake.

Mtazameni huyohuyo Samatta. Januari 2016 CAF ilimtangaza mchezaji bora wa 2015 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo akasaini Genk. Sisemi tuzo ndiyo iliyomleta. Mabao yake ya TP Mazembe yalishasema. Lakini mabao hayo yalionekana, yakahesabiwa, yakaandikwa.

Vipaji kwa dada zetu vipo, jamani. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka 2022 Simba Queens walishika nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Mwaka huohuo Aisha Masaka alitua Häcken ya Sweden, na 2024 akaenda Brighton, Uingereza. Pamoja na hayo, tuzo ya CAF ya mchezaji bora wa kike, inayotolewa tangu 2001, hadi ile ya 2025 haijawahi kutua Afrika Mashariki.

Wala tusidhani Wazungu walitutangulia mbali. Wanaume wa Ubelgiji wanapewa Kiatu cha Dhahabu tangu 1954. Wanawake walianza kupewa chao 2016, miaka 62 baadaye! Mshindi wa kwanza, Tessa Wullaert, wakati huo alikuwa anachezea Wolfsburg ya Ujerumani. Ballon d'Or nayo ilianza 1956, ya wanawake ikaja 2018. Ada Hegerberg alipoipokea pale Paris, mtangazaji akamuuliza kama anajua kukata viuno. Heshima ikitolewa nusunusu hugeuka kejeli.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Kwanza, ligi zetu ziandike na kutangaza mabao, pasi za mabao na dakika za kila mchezaji, kila wiki, siyo bingwa tu. Bila hesabu, tuzo itakwenda kwa anayejulikana na wakubwa. Pili, makocha na manahodha wa timu zote wapige kura, na kura zitangazwe. Tatu, tuzo iende na pesa mkononi pamoja na video ya mechi zake, maana wakala wa Ulaya hatapanda ndege kwa sababu ya kikombe cha plastiki.

Na sisi wenyewe tusinyooshee wengine vidole tu. Kwenye bonanza letu la kila mwaka kuna mfungaji bora na kipa bora, wote wanaume, huku dada zetu wakipangiwa pilau na chapati. Mwaka huu tuwe na mechi ya wanawake na tuzo yake, na kaka zetu washike mwiko. Anayepinga aje na sababu, siyo kicheko.

Naomba kuwasilisha.