Kenchi za Chuma si Tiba ya Mbao Mbovu

Anayefikia hatua ya kupaua siku hizi hupewa bei mbili: ya kenchi za mbao, na ya kenchi za chuma chepesi kilichopakwa zinki, zinazotoka kiwandani zikiwa zimeshakatwa kwa kipimo, kutobolewa na kupewa namba. Wauza chuma wana hoja wanayoirudia kila mahali, kwamba mbao huliwa na mchwa, hupinda na huoza. Kwa mbao nyingi zilizopangwa leo kwenye magenge ya mbao Dar es Salaam na Dodoma, wanasema kweli. Tatizo ni kwamba hukumu hiyo wameitandaza juu ya mbao zote. Kwa nyumba ya kawaida ya familia, ya tofali na bati, naona mbao iliyokomaa na kutiwa dawa ipasavyo ndiyo ya kuchagua bado, na tunaikimbia kwa sababu tumeshindwa kuisimamia.

Tuanzie shambani. Sehemu kubwa ya mbao za kupaulia Tanzania ni misindano ya Nyanda za Juu Kusini: Mufindi, Njombe, Makete. Katika Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, msindano huachwa ukue kwa miaka 18 na zaidi. Mkulima mdogo mwenye ekari zake tatu hana subira hiyo; ada ya shule ikifika, mti wa miaka minane au kumi huangushwa na kupasuliwa hapohapo kwa dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao. Mbao yake utaijua ukitazama kichwa chake, pale ilipokatwa: pete zimeachana sana, ni chache, na moyo wa mti uko katikati kabisa. Mbao ya namna hiyo ikikauka husinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa hailifanyi kwa kiasi cha kuonekana, na kwa kuwa upande mmoja husinyaa kuliko mwingine, hujisokota. Paa likianza kucheza mwaka wa pili, fundi hulaumiwa, mbao hulaumiwa, na mwenye nyumba huapa kwamba safari nyingine ni chuma. Hakuna anayeuliza ule mti ulikuwa na umri gani.

Kisha kuna dawa, na hapa ndipo mnunuzi anapoibiwa zaidi. Dawa ya kijani inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Ili ifanye kazi, mbao kavu hufungiwa ndani ya tangi, hewa hunyonywa, halafu dawa husukumwa kwa shinikizo hadi iingie ndani ya nyuzi. Kuichovya mbao kwenye pipa, au kuipitisha brashi, huipa rangi ileile ya kijani kwa gharama ndogo mno, na mchwa hupenya kwenye ufa wa kwanza. Macho hayatofautishi hizo mbili, msumeno hutofautisha. Ukikata mbao iliyotiwa dawa kweli, mbali kidogo na kichwa chake, ukijani unaonekana umeingia kwa kina kuizunguka yote, ingawa sehemu ya moyo huweza kubaki nyeupe. Ya kuchovya ina mstari mwembamba pembeni kama rangi ya kucha, basi.

Chuma nacho kina masharti ambayo hayatajwi dukani. Bati la kenchi hizi mara nyingi halifiki hata milimita moja kwa unene, na kinachoizuia kutu ni tabaka la zinki tu. Fundi akikata kwa grainda, cheche huunguza zinki kwenye ukingo, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari, Kigamboni au Bagamoyo, chumvi huanzia hapo. Kipande kilichopinda wakati wa kushusha mzigo hakinyooshwi kwa nyundo, hubadilishwa. Na kwa kuwa kila kipande kimepigiwa hesabu, fundi umeme anayekata kimoja ili apitishe bomba amevuruga kenchi nzima. Mbao husamehe uzembe kiasi, na mafundi wanaoijua wako kila wilaya.

Wapo watakaosema chuma hakiungui. Ni kweli hakiwaki, lakini kikifika nyuzi joto 600 hivi hubakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, na chembamba hufika huko upesi. Nyumba ambayo moto umekwisha kushika dari yake haiokolewi na kenchi za aina yoyote. Wengine watataja misitu. Hoja hiyo ni nzito kwa mninga na mvule wa msitu wa asili, ila msindano wa shambani hupandwa kama mahindi, na mkulima asiyepata mnunuzi hung'oa visiki akapanda parachichi. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma kuanzia 2018 hadi 2023, bei ya mbao ilipanda, lakini watu hawakuacha kujenga. Chuma kinachoyeyushwa kwa makaa ya mawe, kwa upande wake, hutoa karibu tani mbili za hewa ukaa kwa kila tani moja.

Kwa ukumbi au kanisa lenye upana wa mita 15 bila nguzo katikati, chuma kipewe kazi yake. Lakini tazameni Marekani, nchi isiyokosa chuma: zaidi ya nyumba mpya tisa kati ya kumi za familia huundwa kwa mbao, kuta na paa, na kila mbao ya ujenzi hubeba muhuri wa daraja, kiwanda na ukavu wake. Muhuri kama huo ndio tunaoukosa. Shirika la Viwango na Wakala wa Huduma za Misitu walazimishe kila mbao ya kupaulia ipigwe muhuri wa daraja lake na wa kiwanda kilichoitia dawa, ili mnunuzi ajue wa kumshika. Hadi hapo, mnunuzi, kabla hujalipa omba mbao moja ikatwe mbele yako. Muuzaji akigoma, nenda kwa mwingine. Na vipande vinavyobaki usiviruhusu viingie jikoni kuwa kuni, kwa sababu aseniki iliyomo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.