Maktaba Isiyo na Vitabu

Chukulia duka la steshenari lililopo Kiloleli, mkoani Simiyu, lenye kompyuta moja tu. Asubuhi kompyuta hiyo huchapa barua za maombi ya kazi na fomu za shule. Jioni hutunza hesabu za kikundi cha VICOBA. Siku ya mgao, programu ya hesabu inakataa kufunguka, na kwenye skrini yanatokea maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba faili liitwalo VCRUNTIME140.dll halikuonekana. Wanachama wamekwisha keti wakisubiri fedha zao. Kijana mmoja anasema analo faili hilo katika simu yake, amelipata mahali fulani bure. Je, lipokelewe?

La hasha. Lakini katazo lisilo na sababu halimsaidii mwenye duka, basi na tuitazame sababu yenyewe.

Programu haibebi kila kitu ndani yake. Kazi zinazohitajiwa na programu nyingi, kama vile kuchora herufi kwenye skrini au kuficha siri za mawasiliano, huwekwa katika mafaili ya pembeni yatumiwayo na zote. Wataalamu huyaita maktaba. Jina si baya, ila msitarajie rafu wala vitabu. Afadhali mfikirie kinu kimoja ambacho nyumba tano hutwangia. Hivyo nafasi huokolewa, lakini ipo faida kubwa zaidi. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano, ambayo ilimwezesha mtu aliye mbali kuchungulia kumbukumbu za kompyuta. Palipotumika maktaba ya pamoja, ilitosha kuibadilisha hiyo moja na kuziwasha upya programu zinazoitegemea. Programu zilizobeba nakala zao wenyewe zilibidi kutengenezwa moja moja.

Sasa mfumo endeshi huipataje maktaba? Haupekui kompyuta nzima. Hufuata orodha ya mahali pa kutazama, na faili la kwanza lenye jina linalotakiwa ndilo linalochukuliwa. Windows kwa kawaida huanza na folda ya programu yenyewe, halafu System32, halafu folda nyingine. Linux husoma ndani ya programu majina ya maktaba inazozihitaji, ikatazama kwanza mahali palipotajwa na programu au na mtumiaji, kisha katika rejista iitwayo ld.so.cache, na mwisho katika /lib na /usr/lib.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa kawaida mfumo huuliza jina. Hauulizi faili limeletwa na nani. Likishawekwa katika folda ya programu, hushikwa mapema, nalo hufanya kazi kwa mamlaka yote ya programu ile. Faili la kijana yule, likiwa limechezewa, litaweza kusoma daftari zima la kikundi, na hata kulibadilisha.

Jambo la pili ni toleo. Katika Linux namba ya toleo huandikwa mwishoni mwa jina: libssl.so.1.1 ni moja, na libssl.so.3 ni nyingine. Tairi ya 26 haivikwi kwenye rimu ya 28, hata ikiwa mpya. Ubuntu 22.04, iliyotolewa mwaka 2022, ilikuja na hiyo ya 3 bila ile ya 1.1, na programu nyingi za zamani zikagoma. Wapo mafundi wanaodhani dawa ni kubadili jina la faili. Mfumo hautadanganyika, kwa maana ndani ya maktaba kazi zenyewe zina alama za toleo, nazo hukaguliwa. Wenye libc.so.6 wamekuwa waungwana zaidi: jina hilo limedumu tangu mwaka 1997, na kila jipya huongezwa ndani kwa alama yake, kama GLIBC_2.34 ya mwaka 2021. Kwa sababu hiyo programu ya zamani hukubaliwa na mfumo mpya, ila programu mpya yaweza kukataliwa na mfumo wa zamani.

Turudi kwa wanachama wanaosubiri. VCRUNTIME140.dll ni sehemu ya kifurushi cha Visual C++, ambacho Microsoft hukitoa bure katika tovuti yake yenyewe. Pakua kifurushi kizima huko, usichukue faili moja. Utaona vya aina mbalimbali, vikiwamo x86 na x64, na wengi hukosea hapa kwa kutazama kompyuta badala ya programu: programu ya biti 32 huhitaji x86 hata ndani ya Windows ya biti 64. Ukishindwa kuitambua programu yako ni ya aina gani, weka vyote viwili, havigombani. Kwa mwenye Linux, amri ya ldd ikifuatiwa na njia ya programu itaonyesha ni maktaba ipi iliyokosekana, ila usiitumie kwa programu usiyoiamini, kwani amri hiyo yaweza kuiendesha.