Kipimo hakioni maji, kinasoma umeme

Ndugu mkulima, kabla kikundi chenu hakijachanga pesa za kisima, nisikilizeni kidogo.

Vipimo vya ardhi visivyohitaji kuchimba naviunga mkono. Koili moja hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, mikondo midogo ya umeme hutokea chini, na koili ya pili huipokea. Koili zikitenganishwa mita 10, 20 au 40, hupimwa vina tofauti, hadi kama mita 60.

Lakini kipimo hakisemi "hapa pana maji". Kinasema tu ardhi inapitisha umeme kiasi gani. Mwamba uliopasuka wenye maji hupitisha, mfinyanzi hupitisha, na maji ya chumvi hupitisha zaidi. Hata bomba la chuma au uzio wa waya huharibu namba. Ndiyo maana kuchimba penye namba kubwa kuliko zote kunaweza kuwapa tope, au maji yasiyonyweka.

Kwa maoni yangu, msikubali kigingi kimoja na maneno ya mdomo. Mtaalamu apite mistari kadhaa, awaachie namba na ramani, kisha sehemu mbili tatu zilizo bora azirudie kwa njia nyingine ya kupima. Nanyi mtembelee visima vya jirani: vina kina gani, maji yake ni matamu au ya chumvi?

Mara nyingi mchimbaji hulipwa hata shimo likiwa kavu. Hasara hiyo haimpati yeye, inawapata ninyi mliouza mahindi na mbuzi mpate kuchanga.