Siyo AI, Siyo Photoshop: Zile Nyasi ni Miezi Mitatu ya Waya

Picha inajulikana. Dada kakaa katikati ya yungiyungi kubwa, ukungu umetanda, majani yamezunguka kila upande kama ndoto. Page zenye wafuasi kibao zinaiposti, jina la msanii hakuna, halafu wajuaji wanashuka: "AI hiyo." "Photoshop tu, hata jamaa wa stesheneri anaitoa dakika tano."

Hapana. Inaitwa Resurrection, ya mwaka 2011, na huyo dada ndani ya ua ndiye msanii mwenyewe, JeeYoung Lee wa Seoul, Korea Kusini. Maua ni karatasi iliyopakwa rangi. Ukungu ni wa barafu kavu. Vyote vilijengwa ndani ya studio yake, chumba kidogo cha mita chache tu, ndipo picha ikapigwa.

Ni moja ya mfululizo wake wa Stage of Mind, alioanza mwaka 2007. Kila mandhari anaijenga kwa mkono, wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Kwenye Treasure Hunt, zile nyasi peke yake zilimla miezi mitatu, na zote ni waya. Picha ikishapatikana, anabomoa kila kitu na kuanza upya. Si mchezo.

Na anachojenga ni mambo yaliyo moyoni mwake: kumbukumbu, hofu, ndoto, na hadithi za kwao. Lile yungiyungi halikuja hivihivi. Wakorea wana ngano ya Shim Cheong, binti aliyejiuza kwa mabaharia atoswe baharini, ili magunia 300 ya mchele yatolewe sadaka na baba yake kipofu apate kuona. Binti hakuishia huko chini. Alirudi duniani ndani ya yungiyungi. Sasa irudieni ile picha. Mtu kajiweka mwenyewe pale ambapo aliyezama anarudi, halafu mtu mwingine anakomenti "AI" na kupita zake.

Wapo watakaosema, kwani shida iko wapi? Picha ikipendeza si imependeza? Shida ipo. Programu ukiiomba msichana ndani ya ua, inakupa mchanganyiko wa maua ya watu wote, kwa sekunde. Haina baba wala utoto, na hakuna kilichowahi kuiuma. Mtu anayekaa na jambo lake wiki baada ya wiki, anakata, anabandika, anapaka, analitazama hilo jambo kwa namna ambayo haraka haimpi nafasi.

Hata Do Ho Suh, Mkorea mwenzake, alifanya hivyo kwa njia yake. Alihamia Marekani mwaka 1991, na nyumba ya wazazi wake kule Seoul ikawa haimtoki kichwani. Akaipima, akaishona yote kwa hariri nyepesi inayoonyesha upande wa pili. Mwaka 1999 ikaonyeshwa Los Angeles. Nyumba nzima, lakini inakunjwa na kusafirishwa kama nguo. Yeyote aliyewahi kuhama nyumbani anaelewa hiyo kitu bila kufundishwa.

Ndiyo maana ile tabia ya kufuta jina inaudhi. Page inakusanya likes za kazi ya mtu, na bado inawaachia watu waamini hakuna mtu aliyeifanya. Msanii anaibiwa mara mbili, kwanza jina, kisha jasho. Tukizoea hivyo, kila kazi nzuri ya mkono itaitwa ya mashine, na kijana anayekesha chumbani kwake anajenga kitu chake atajiuliza anajisumbua kwa ajili ya nani.

Kuandika "JeeYoung Lee" kwenye kapsheni hakumalizi hata sekunde kumi. Wadau, hilo nalo ni gumu?