Pavingi au zege? Tuanze na maji

MAKAZI YETU
Na Rehema Shomari

Nyumba ikishaezekwa, ikapakwa rangi na geti likasimama, fedha zinazobaki huwa kidogo na swali linalobaki huwa moja: pale gari linapopita, kutoka getini hadi barazani, tuweke nini? Dar es Salaam majibu ni mawili. Kuna wanaomwaga zege, na kuna wanaopanga vitofali vya pavingi, vile ambavyo ndugu zetu wa Kenya huviita kabro. Tofali za kuchoma, zile za Mbeya na Iringa zinazopendeza ukutani, siziingizi kwenye hesabu hii. Zinakunywa maji, matairi yanazila, na tanuri lake linamaliza miti.

Nina upande, na afadhali niutaje mapema. Kwa kiwanja cha mjini chenye ardhi tambarare, panga pavingi, zikae juu ya kokoto na mchanga, na usifunike uwanja wote. Zege nalo lina mahali pake na nitapataja. Lakini kwa muda mrefu jambo hili tumeyaachia macho: nani kachanganya nyekundu na kijivu, nani uwanja wake unafanana na hoteli. Macho hayaoni kilichomo chini ya uwanja, wala hayaulizi mvua ikinyesha maji yataelekea wapi.

Tuanze na kilichomo chini. Chini ya uwanja wa nyumba ya mjini limepita bomba la maji safi, limepita bomba la majitaka kwenda kwenye chemba na karo, na mara nyingi umepita waya wa umeme wa geti au wa banda la nyuma. Siku moja kimojawapo kitadai kufukuliwa. Bomba litapasuka, au kijana ataoa na familia itataka kumwongezea chumba na choo chake. Penye zege, siku hiyo ni ya nyundo na tindo. Jirani yangu mmoja, mama anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu, bomba lake la majitaka liliziba katikati ya uwanja wa zege. Kuvunja na kurudishia kulimgharimu kuliko bomba lenyewe, na kiraka kile hakikushikana na zege la zamani. Maji yanapenya kwenye ule mstari hadi leo. Penye pavingi, fundi angeng'oa vitofali, akavipanga pembeni, akachimba, akatengeneza, akashindilia udongo kwa tabaka na kuvirudisha vilevile.

Zege lenyewe halina ubaya. Shida ni kwamba linadai nidhamu ambayo sisi wenye nyumba hatuna. Zege linapokauka husinyaa, na likisinyaa lazima lipasuke mahali fulani. Fundi anayejua kazi hulichagulia mahali pa kupasukia: bamba la unene wa sentimita 10 hukatwa mistari kila baada ya mita mbili na nusu hadi tatu, kina cha robo ya unene wake, mapema kabla halijajipasukia lenyewe. Zunguka mtaani kwenu uhesabu viwanja vyenye mistari hiyo. Kisha zege linataka kumwagiliwa maji au kufunikwa lisikauke haraka kwa siku saba angalau, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mtaani linamwagiliwa jioni ya kwanza, na siku ya tatu bosi anaingiza gari. Kabla ya hapo vibarua walikuwa wameshaongeza maji kwenye mchanganyiko ili koleo liende kirahisi, na maji hayo ya ziada hula nguvu za zege hata kama saruji ilikuwa ya 42.5.

Halafu kuna boza. Nyumba zetu nyingi zinaishi kwa boza la maji miezi ambayo bomba limekauka, na boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, mbali na uzito wa lori lenyewe. Liongezee gari la kunyonya majitaka. Mwenye nyumba anapanga unene kwa kuangalia gari lake dogo, kumbe gari zito kuliko yote litakaloingia si lake. Kama boza litapita getini, vitofali viwe vya sentimita 8. Vya sentimita 6 ni vya gari dogo na watu wa miguu. Aliyechagua zege naye asikubali bamba jembamba lisilo na neti ya nondo, kwa sababu litavunjika kwenye kona za geti, pale lori linapokata kona.

Pavingi nazo zina maradhi yake. Umeona zile zilizobonyea njia mbili za matairi, mvua ikinyesha zikageuka mifereji? Kosa huwa chini. Fundi alikwangua nyasi, akamwaga kifusi chenye mifuko ya plastiki na mizizi, akakikanyaga kwa miguu, akatandika mchanga mwingi kuficha mabonde, akapanga. Kazi inayodumu huanza kwa kuondoa udongo wa juu wenye rutuba na kujaza moramu au kokoto, tabaka la sentimita 10 hadi 15, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine kabla ya linalofuata. Mchanga wa kulalia uchekechwe na usizidi sentimita 3 hivi. Ukingo ufungwe kwa mawe ya zege yaliyozikwa vizuri, vinginevyo vitofali vya pembeni vinatembea na vya katikati vinavifuata. Mpango wa vitofali uwe ule wa kukatana kama mfupa wa samaki, maana unapokea msukumo wa tairi kutoka kila upande. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mbali na ukuta wa nyumba. Hilo la mteremko halibadiliki hata ukichagua zege.

Sasa maji, na hapa ndipo ninapoomba wasomaji wangu wasimame nami.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua uwanja wa mita za mraba 200 uliofunikwa wote, na mvua ya masika ya milimita 50 kwa siku, ambayo Dar es Salaam si ajabu. Hizo ni lita 10,000. Ni boza zima. Januari tunalinunua, Aprili tunamfungulia jirani wa bondeni, naye anamfungulia wa chini yake, hadi yanafika mtoni. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na njiani unapokea maji ya viwanja vyetu sote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwatoa wakazi wengi wa bondeni, waliohamishiwa Mabwepande. Jangwani, kwenye bonde hilohilo, imejaa maji mara kadhaa tangu hapo, na barabara ya mabasi ya mwendokasi ikafungwa. Tunawalaumu waliojenga bondeni, na mipango miji ina neno lake la kusema hapo. Lakini maji yanayowafuata kule hayakunyesha bondeni peke yake. Mengine yalinyesha Kimara na Ubungo, juu ya viwanja vilivyosakafiwa ukuta hadi ukuta, na sisi wa huku juu hatujaulizwa chochote.

Pavingi inasaidia, ila kwa masharti. Kitofali chenyewe hakipitishi maji mengi. Yanapita kwenye nafasi za kati, yakikuta chini kuna mchanga na kokoto. Fundi akikushawishi asukumie saruji kwenye nafasi hizo ili majani yasiote, mkatalie, kwa kuwa umelipia pavingi ukapata zege lenye michoro. Vivyo hivyo kwa wanaopanga vitofali juu ya bamba la zege. Nafasi hizo huzibwa na vumbi kadiri miaka inavyokwenda, hivyo zifagiliwe na kujazwa mchanga mpya. Anayeweza kununua vile vitofali vyenye matundu vinavyooteshwa nyasi katikati, anunue. Hata joto la jioni uani atalisikia limepungua.

Bora kuliko vyote hivyo ni kufunika kidogo. Gari lina matairi pande mbili, katikati hakuna kitu kinachokanyaga. Chukua njia ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 12. Ukiifunika yote ni mita za mraba 36, na kwa vitofali vya sentimita 20 kwa 10, ambavyo huingia 50 kwa mita ya mraba, unahitaji 1,800. Kwa zege la sentimita 10 ni ujazo wa mita 3.6, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni kama mifuko 22 ya saruji. Sasa weka mistari miwili tu, kila mmoja upana wa sentimita 60: mita za mraba 14.4, vitofali 720. Katikati mwaga kokoto au otesha ukoka. Fedha inayobaki iende kwenye kushindilia na kwenye kingo, mahali ambapo watu hubania. Dereva mgeni atahitaji kunyoosha usukani vizuri kidogo, basi.

Zege nililiahidi mahali pake. Nyumba iliyo kwenye mwinuko mkali, kama zilivyo nyingi za Goba au za milima ya mawe ya Mwanza, imwagiwe zege lenye michirizi ya kushika tairi, kwa sababu pavingi kwenye mteremko kama huo hutambaa kidogo kidogo kufuata mzigo. Mahali gari linapooshwa au kumwagikiwa oili pia, zege dogo ni sawa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, zege litavunjika na pavingi zitapanda na kushuka. Pavingi zinarekebishika, lakini huo udongo uondolewe kwanza.

Kuhusu kununua, viwanda vidogo vya kando ya barabara vina vitofali vizuri na vibovu kwenye rundo moja. Omba kimoja ukipasue. Ndani kiwe kimeshikana, kokoto ndogo zimeenea, pasiwe na mchanga unaomong'onyoka kwa kidole. Uliza vilimwagiliwa siku ngapi na mchanga umetoka wapi, maana mchanga unaochimbwa kwenye kingo za mito kama Mpiji na Mbezi unaacha nyumba za watu zikining'inia. Nimeona vikundi vya vijana vilivyonunua mashine ya kufyatua kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vinafanya kazi safi na vinakubali kukaguliwa. Wateja wanaokagua wakiongezeka, vitofali vibovu vitapungua. Nairobi, Nzambi Matee anatengeneza vitofali vya njia kwa taka za plastiki na mchanga, kazi iliyompa tuzo ya vijana ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020. Natamani kuona jambo hilo huku kwetu, palipo na plastiki za kutosha kuziba kila mtaro.

Neno langu la mwisho ni kwa halmashauri. Mchoro unaopelekwa kuombewa kibali cha ujenzi unaonyesha kuta, choo, karo na umbali wa nyumba na mpaka. Uongezwe mstari wa sehemu ya kiwanja itakayobaki wazi, na mahali ambapo maji ya mvua ya kiwanja hicho yatazama ardhini. Manzese na Buguruni, ambako nyumba imekijaza kiwanja, sharti hilo liwe jepesi, mtaro wa pamoja utoshe. Mwenye mita za mraba 800 Mbweni ana nafasi ya shimo la kokoto na bustani, na alitimize kikamilifu. Wenyeviti wa serikali za mitaa wanakijua kila kichochoro kinachofurika; waulizwe hao kwanza, kabla afisa hajaandika kiwango chochote mezani.