Kileleshwa: Mto mdogo, mizani miwili

Enzi za ukoloni Kileleshwa ilikuwa mtaa wa maafisa wa serikali, bustani zao zikiteremka hadi Mto Kirichwa. Nyumba hizo zimepisha maghorofa, nao mto ukabanwa. Agosti 6, 2018, matingatinga yalibomoa kituo cha mafuta cha Shell na mkahawa wa Java, yakisemekana kuwa kwenye ukingo.

Ukingo upi? Kanuni za maji za 2007 zilitaja upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30. Wakati wa mafuriko ya 2024, amri ilikuwa mita 30, na waliovunjiwa zaidi ni maskini wa Mathare na Mukuru. Kirichwa ni kijito. Ukichagua kipimo, umechagua nani ahame.